Tulivyolala kwa Bi Mwanaisha

Kitendawili! Huja bila kubisha hodi, lakini akikukuta umekaa unamngoja, haingii.

Wajukuu zangu hicho wanakijua. Ni usingizi. Nimewategea mara nyingi mno, tangu walipokuwa wakilala kwenye mkeka wangu hadi sasa wanapolala kwenye mahoteli ya semina. Wakikutana hapa nyumbani wakati wa likizo hubishana. Ipyana husema hotelini analala vizuri kuliko kwake, maana hakuna anayemwita. Dada yake husema yeye hotelini hukodoa macho mpaka asubuhi, anasikiliza milango ya watu. Kisha wote wawili hunigeukia: "Bibi, na wewe je?"

Mimi nacheka tu. Gesti nimelala, tena usingizi mtamu ambao hadi leo sijapata mwingine wa kufanana nao. Lakini huwezi kuuelewa usingizi ule kama hujui nilivyokuwa nikikesha kwangu, juu ya kitanda changu mwenyewe.

Niliolewa Ikinga, kule Ileje, mwaka wa sabini na mbili. Mume wangu alikuwa Lwitiko, dereva wa lori la mafuta la kwenda Zambia, mtu wa kuja nyumbani siku mbili na kuondoka wiki tatu. Sisi Wandali wakati ule, mke wa mtu na baba mkwe wake hawaonani. Sisemi hawapendani, nasema hawaonani. Ukimwona anakuja njiani unaingia majanini, unachutama, unajifunika kichwa mpaka apite. Huli naye, hutaji jina lake, husemi naye ila kwa kupitia mtu mwingine. Na yeye vilevile, akisikia unatwanga uani anazunguka mbali. Ndiyo heshima yenyewe hiyo. Hata hapa jina lake sitaliandika. Nitamwita Mzee, inatosha.

Kule mlimani tulikokaa kwanza heshima hiyo haikuwa na taabu yoyote. Nyumba yake ilikuwa upande wa juu wa migomba, yangu upande wa chini. Yeye alikuwa na njia yake ya kwenda kwenye kahawa, mimi njia yangu ya kwenda mtoni, na njia hizo hazikuonana hata kidogo. Miaka miwili nilimjua kwa kikohozi chake tu, na kwa ndizi. Alikuwa akikata mkungu akiwa njiani kurudi, anauegemeza kwenye kona ya uzio, hasemi kitu. Nikiukuta najua ni wangu. Na mimi nikikaanga karanga namfungia kidogo kwenye jani, nampa wifi yangu Felista ampelekee. Basi. Kuna watu wanaoonana kila siku wasiofika nusu ya mapenzi yale.

Halafu ikaja operesheni ya vijiji. Mwaka wa sabini na nne tukashushwa kutoka mlimani tukaja kupangwa bondeni, nyumba kwa mistari kama mahindi ya bwana shamba. Waliopima walikuwa watu wazuri, walitaka baba na mwana wakae karibu. Wakapigilia vigingi vyao, wakavuta kamba, nyumba ya Mzee ikawa upande huu wa barabara na yangu upande ule, mlango ukitazama mlango. Nilipima mwenyewe kwa miguu: hatua kumi na mbili. Na maji yalikuwa kisima kimoja, chini ya mteremko, na njia ya kwendea ni moja kwa kijiji kizima.

Sasa nifanyeje? Nikisema nitoke jua limechomoza, nitamkuta Mzee mlangoni anasugua meno. Kwa hiyo nikawa naamka jogoo wa kwanza, nachota maji yangu gizani, narudi, najifungia mpaka nisikie ameondoka kwenda shamba. Ilinifaa wiki mbili. Kisha nikaanza kusikia mlango wake unalia jogoo hajawika. Nikajisemea, loo, huyu mzee anawahi kuamka, mimi ni mvivu, itabidi niwahi zaidi. Nikawahi. Mwezi uliofuata mlango ukalia mapema zaidi. Na mimi nikarudisha nyuma zaidi. Mwisho nikawa silali kabisa, nakaa tu kitandani na ndoo miguuni, nasikiliza upande wa pili wa barabara.

Siku moja kukawa na ukungu ule wa Juni, unaoloweka nguo. Natoka kisimani, ndoo kichwani, naona kitu kimesimama mbele yangu. Kikakohoa! Nilijitupa mtaroni, ndoo upande wake, mimi upande wangu. Yeye naye akageuka akakumbatia mti wa mpapai, akaupa uso wake. Tukakaa hivyo. Mimi sithubutu kuondoka maana sijui kama ameondoka, yeye hathubutu maana hajui kama nimeondoka. Kulipopambazuka ndipo mtu wa maziwa akapita akasema kwa sauti, "Jamani, mzee, huo mpapai unakuambia nini?"

Watu walicheka siku tatu. Mimi sikucheka. Nilijiona nimemwaibisha baba wa watu.

Tangu siku ile Mzee akaanza kukonda. Felista, wifi yangu, alikuwa mjane na ndiye aliyekuwa akikaa naye na kumpikia. Alikuwa na ulimi wa kukwangulia viazi, yule. Tukawa tunachambua maharage nyuma ya nyumba yangu, akaniambia:

"Baba amesema baada ya kuvuna anarudi mlimani."

"Na nani?"

"Na fimbo yake. Anasema huku hakuna usingizi. Eti afadhali akafe amelala kuliko kuishi amekaa."

"Wifi, kule paa lilishang'olewa. Kuna fisi sasa."

"Nimemwambia. Ananiambia fisi hawana makelele." Akanitazama kwa jicho la pembeni. "Na wewe unavyokonda! Mtu atadhani mnakula chungu kimoja na huyo mzee. Au Lwitiko alikuletea ugonjwa wa barabarani?"

"Wifi, shika adabu."

"Nimeishika, inateleza."

Nilicheka kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nimeshapata jibu langu: mimi ndiye ninayemfukuza. Mwanamke aliyemtokea baba mkwe wake gizani, tena akamwaga maji, kwa nini asikimbiwe? Akirudi kule peke yake, baridi ya Julai ingemmaliza, na maisha yangu yote ningekuwa yule mkwe aliyemrudisha mzee wa watu mahameni. Nilitaka kumwambia Lwitiko tu, aseme na baba yake kabla ya mavuno.

Bahati nzuri Lwitiko akaleta salamu kupitia dereva mwenzake: Ijumaa atakuwa Tunduma, lori linarudi kutoka Zambia, niende tuonane. Alhamisi alfajiri nikapata gari la kwenda Mpemba, na kutoka pale nikaingia Tunduma jua likiwa utosini. Felista nilimwambia nitalala kwa mama Ruti, mwenzetu wa kanisani aliyehamia mjini. Kumbe mama Ruti alikuwa amekwenda msibani, mlango umefungwa kwa kamba.

Tunduma ya wakati ule haikuwa hii ya leo. Malori yalijipanga tangu kwenye miti ya mikaratusi mpaka mpakani, madereva wanapika chini ya matela, reli mpya ndiyo imetoka mikononi mwa Wachina, Wabemba wanauza sabuni na sukari kwa Kiswahili cha kuokoteza. Kila mtu alikuwa akienda mahali. Mimi nimesimama na kikapu changu cha maharage, sijui niende wapi, nikakumbuka jina ambalo Lwitiko hulitaja akiwa na raha: gesti ya Bi Mwanaisha.

Bi Mwanaisha alikuwa mtu wa Pangani, mnene, mweupe wa moyo, ameletwa bara na mume dereva na mume akafa akamwachia vyumba vinane na ua mmoja. Nikamwambia mimi ni mke wa Lwitiko. Akapiga makofi.

"Mke wa Lwitiko! Huyu mtoto kanilalia hapa miaka mitano, kumbe ana mke mzuri hivi? Mbona macho mekundu? Unaumwa?"

"Silali vizuri, bibi."

"Utalala hapa. Hapa hata mwenye kesi hulala."

Akanipa chumba cha tatu. Kitanda cha chuma, godoro la sufi, shuka moja iliyonukia jua. Kuta za mbao hazikufika juu, zimeishia chini ya mabati, ukikohoa chumba hiki anaitika wa chumba kile. Nikaomba, nikalala kabla taa ya chemli haijawashwa ukumbini.

Sasa sikilizeni usingizi ule. Sikulala kwa sababu ya godoro. Nililala kwa sababu hakuna mlango niliokuwa nausikiliza. Nilipojilaza nikaanza kama kawaida, masikio yamesimama, ndipo nikakumbuka: Mzee yuko Ikinga, na mimi niko Tunduma. Masikio yakalala. Nikasikia mwili wangu unashuka kama ndoo iliyokatika kamba. Katikati nilizinduka kidogo, kuna dereva fulani chumba cha nne anakoroma, anakoroma kwa kituo, anavuta, anatua, kama mtu anayesaga mahindi. Nikasema moyoni, koroma baba, koroma. Nikarudi usingizini.

Nilipofumbua macho jua lilikuwa limeshapanda juu ya mabati na vyuma vinalia kwa joto. Saa nne! Tangu niolewe sijawahi kuona saa nne nikiwa kitandani. Bi Mwanaisha aliingia na chai na maandazi, uso umejaa habari njema.

"Mshukuru Mungu, mwanangu. Jana nimekugongea mpaka nimechoka, nikasema huyu kafa. Nilitaka nikupe habari. Unajua nani kalala hapo?" Akaonyesha ukuta wa chumba cha nne kwa kidole chenye hina. "Baba mkwe wako!"

Nikaliweka andazi chini.

"Kaja na bintiye, yule mwembamba mwenye maneno, jioni baada ya mpaka kufungwa. Wanakwenda ng'ambo, Nakonde, kwa dada yake mzee. Nilipoandika jina kwenye kitabu nikasema, ee, huyu si baba yake Lwitiko? Nikampa chumba cha jirani yako ili mhudumiane. Nimefanya vibaya?"

Hakuwa na kosa. Kwao Pangani, alinieleza baadaye, mkwe ndiye anayemtilia baba mkwe maji ya kuoga. Lakini mimi nilikuwa nimeshavuta shuka mpaka juu ya kichwa. Kumbe, kama Felista alivyonieleza baadaye, Mzee alikuwa ameshindwa kusafiri asubuhi kwa sababu yangu, hawezi kupanda gari moja na mimi, akasubiri lori la kahawa la mchana. Amekwepa gari langu, akaja kulala ubavuni pangu. Yule msaga mahindi wa usiku alikuwa ni yeye!

"Bibi," nikanong'ona, "ameshatoka?"

"Bado. Ndiyo kwanza kaamka. Bintiye anamwambia saa nne, anabisha."

Na kweli nikasikia upande wa pili sauti ya Felista: "Baba, saa nne! Umelala tangu saa moja. Nimekusukuma, ukaniambia niache, unaota. Ile nyumba yetu ina nini?"

Bi Mwanaisha, kwa furaha yake, akapaza sauti juu ya ukuta: "Mzee! Mkwe wako naye kaamka sasa hivi! Nyote wawili mmekoroma mpaka mabati yakacheza!"

Kikohozi nilichokijua tangu mlimani kikasikika, kikakatika. Nikasikia kitanda cha chumba cha nne kikilia, mtu amekaa tena. Mimi niliyekuwa nimekaa nikalala.

Basi, wapendwa, tukafungika. Gesti ile ilikuwa na ukumbi mmoja mwembamba na mlango mmoja wa kutokea uani. Mimi sitoki, maana yeye anaweza kutoka. Yeye hatoki, maana mimi naweza kutoka. Haja ilinibana, nikaibana na mimi. Saa tano ikafika. Felista akaingia chumbani kwangu na kucheka mpaka akakaa sakafuni.

"Wifi, si ulisema kwa mama Ruti?"

"Kumefungwa."

"Baba anauliza kama kuna dirisha."

"Hata mimi nilikuwa nauliza hivyo."

Bi Mwanaisha alisimama katikati, mikono kiunoni. "Hebu nielezeni, nyie watu wa milimani. Kuna ugomvi hapa?"

"Hakuna ugomvi, bibi," nikamwambia. "Ni heshima. Hatuonani."

"Na nyumbani, mlango kwa mlango kama alivyoniambia Lwitiko, mnafanyaje msionane?"

Nilikuwa nimechoka kulibeba jambo lile, na usingizi mwingi hulegeza ulimi. Nikamwambia yeye, Bi Mwanaisha, lakini sikupunguza sauti kama ilivyonipasa. "Naamka kabla yake, bibi. Nachota maji, najifungia, ili akitoka akute njia nyeupe. Akiwahi, nawahi zaidi. Sasa hivi silali kabisa. Na hata hivyo namkera, maana anataka kurudi mlimani kwa ajili yangu."

Felista aliacha kucheka. "Unaamka saa ngapi?"

"Saa nane. Siku nyingine saa saba."

"Loo!" Felista akashika mdomo. "Na baba..." Akatazama ukuta.

Ukuta ule wa mbao haukuzuia neno. Nilijua Mzee ametusikia. Nilijiona nimevunja kila nilichofundishwa. Nikangoja nisikie akimwita Felista wafungashe.

Akakohoa. Kisha, kwa sauti nzito ya polepole, akasema, wala hakutaja mtu:

"Kitendawili."

Hapakuwa na wa kuitika ila Bi Mwanaisha, naye hakukosea. "Tega!"

"Watu wawili wana njia moja. Huyu anampisha yule, na yule anampisha huyu. Mwaka mzima hakuna aliyepita, na hakuna aliyelala."

Bi Mwanaisha akakuna kichwa. "Jua na mwezi."

"Wale wanapita."

"Macho mawili."

"Wale hulala."

"Malori ya pale mpakani!"

Nikasikia Mzee akicheka kidogo kwa pua. Felista naye anautazama uso wangu, na machozi yalikuwa yananitoka. Maana nilijua. Mwaka mzima mlango ule ulipokuwa ukilia gizani, hakuwa mzee mwepesi wa kuamka. Alikuwa akitoka mapema ili mimi nikute njia nyeupe. Akawahi ili anipishe, nami nikawahi ili nimpishe, tukarudishana nyuma hivyo hivyo mpaka tukaumaliza usiku wote.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni, lakini lisingeweza kutoka. Jibu lenyewe ni yeye na mimi, nami sina ruhusa ya kumtaja. Felista akaninong'oneza, "Sema." Nikatikisa kichwa.

"Tumeshindwa, mzee," akasema Bi Mwanaisha.

"Nipeni mji."

Ndivyo tulivyokuwa tukicheza, na ndivyo wanavyocheza hata leo: ukishindwa kitendawili unatoa mji, mtegaji akiridhika nao anaupokea, ndipo anatoa jibu. Asiporidhika anakataa, unatafuta mwingine.

"Nakupa Pangani," akasema Bi Mwanaisha.

"Siendi. Kuna mbu."

"Nakupa Lusaka."

"Siendi. Sina pasi ya kupita Nakonde."

"Basi nakupa Tunduma yote, na malori yake!"

"Tunduma nimelala jana, imetosha. Nipeni mji wa kukaa."

Bi Mwanaisha alikuwa anaishiwa miji. Mimi nikajua kuna mji mmoja ambao Mzee alikuwa akiutaka, wa migomba na njia mbili, na kama mtu yeyote angempa huo, angeupokea mara moja na asingeonekana tena. Hata mimi niliutaka. Niliuona mkungu umeegemea uzio, nikausikia mto wangu. Nikamshika Bi Mwanaisha kanga, nikasema kwa sauti ya kutosha kuvuka ukuta:

"Bibi, mpe kijiji chetu. Kile cha mistari."

Bi Mwanaisha akarudia, "Mzee, umepewa kijiji chenu cha mistari."

Nikasikia mafundi wa reli wakigonga vyuma huko mbali, ko, ko, ko. Felista alikuwa ameuma kidole. Kukataa ilikuwa ni neno moja tu, na alishakataa miji mitatu bila kufikiri.

"Nimepokea," akasema Mzee.

Nikaiachia kanga ya Bi Mwanaisha.

"Nimekwenda katika kijiji hicho," akaendelea, kama inavyompasa mtegaji, "nikakuta mzee mmoja mjinga anakesha ili mwana wa watu alale. Nikakuta na mwanamke mmoja mjinga vilevile. Nikawaambia: mwenye ndoo atangulie. Jogoo akiwika mara ya pili aende kisimani taratibu, asikimbie, asijikwae mtaroni. Na huyo mzee alale mpaka jua lipige mlango. Asipolala, bintiye amfungie kwa nje."

"Nitakufungia kweli, baba," akasema Felista.

"Jibu ndilo hilo," akasema Mzee. "Sasa tafuteni namna ya kunitoa humu, chai ya jana haingoji."

Bi Mwanaisha ndiye aliyepata namna. Alikwenda kuleta doti ya kanga mpya, haijakatwa, akashika ncha moja na Felista nyingine, wakaivuta ukumbini toka mlango wangu mpaka uani kama pazia la harusi. Mimi nilichutama ndani, uso kwenye magoti. Niliona miguu yake tu chini ya kanga, ndani ya makubazi ya tairi, vidole vimepinda kwa baridi ya miaka mingi. Ilifika mbele ya mlango wangu ikasimama kidogo. Kisha ikaenda, mbio kidogo, kuelekea chooni.

"Wallahi," akasema Bi Mwanaisha akikunja kanga yake, "nimelaza Wasomali, nimelaza Wazungu, nimelaza mpaka Mchina aliyepotea. Sijaona kama nyie."

Walivuka mpaka mchana ule. Felista alinisimulia baadaye kwamba shangazi yake Lwitiko, dada mkubwa wa Mzee, alikuwa ameshaandaa maneno ya kumkataza, maana habari za kurudi mlimani zilimfikia. Akamuuliza, "Umekuja kuniaga?" Mzee akamjibu, "Nimekuja kukusalimia. Siwezi kwenda kokote tena. Nimepewa mji na nimeupokea." Dada yake hakuelewa, akadhani amepewa uongozi wa kijiji. Alimpongeza na kumchinjia jogoo.

Lwitiko alifika Ijumaa usiku, nikamweleza. Alicheka, kisha akasema, "Miaka mitano nalala hapa kwa Bi Mwanaisha nikidhani ni godoro linalonilaza."

Mzee aliishi katika mji ule miaka tisa zaidi. Leo mistari ile imevurugika, watu wamejenga wanavyotaka, na hizi heshima zetu zimebaki midomoni mwa sisi wazee. Wake za wanangu walikuwa wakikaa meza moja na mume wangu alipokuwa hai, wakimtania na kumnyang'anya rimoti, na yeye akifurahi. Nami nilifurahi. Lakini siku nyingine huwaza kwamba hawajui ilivyo, mtu usiyemwona kukesha kwa ajili ya usingizi wako.

Asubuhi ya kwanza baada ya safari ile nilizinduka saa nane, kwa mazoea. Nikajilaza kwa nguvu. Jogoo akawika mara ya kwanza, nikakishika kitanda. Akawika mara ya pili, nikatoka na ndoo yangu, taratibu kama nilivyoagizwa. Kisimani niliwakuta wanawake wenzangu, ambao mwaka mzima sikuwahi kuwakuta, wakanishangilia: "Haya, yule mke wa jini, mchota maji usiku, leo kachelewa!" Tulicheka, tukapandishiana ndoo. Wakati wa kurudi kulikuwa kumepambazuka, nikakiona kijiji chetu kwa mara ya kwanza katika mwanga wa asubuhi, moshi unatoka kwenye kila paa la mstari, mmoja mmoja, na watoto wanaota jua ukutani. Hakikuwa kibaya.

Mlango wa Mzee ulikuwa umefungwa. Nikasimama barabarani, maji kichwani, na kwa mbali kupitia ukuta wa udongo nikamsikia yule msaga mahindi wangu wa chumba cha nne. Anavuta, anatua.

Felista akatokea nyuma ya nyumba na kuni mkononi, akanikodolea.

"Na wewe hapo unamlinda nani? Nenda kalale."

Nikaingia ndani, nikaitua ndoo, nikapanda kitandani na nguo zangu mbichi. Maharage ya mchana yalipikwa na wifi.